Skwati ya Mbele na Skwati ya Nyuma: Mwongozo Kamili kwa Wabeba Chuma wa Mbeya na Nyanda za Juu Kusini

Kwenye jimu nyingi za mtaani, anayeingia kwa mara ya kwanza huwekewa chuma mgongoni, huambiwa ashuke na kupanda, na skwati ya mbele, ile ya chuma kukaa mbele ya mabega, huachwa mpaka akomae. Mimi naona mpangilio huu umekaa miguu juu kichwa chini. Kwa anayeanza, na zaidi kwa anayefanya mazoezi peke yake kwenye stendi isiyo na vyuma vya kukinga uzito ukikushinda, skwati ya mbele ndiyo ya kujifunza kwanza. Ya nyuma ifuate, mwili ukishajua kushuka bila kujikunja. Nitaeleza kwa nini, kisha tuingie kwenye utendaji wenyewe, hatua kwa hatua.

Tofauti iko wapi hasa

Skwati zote zina sharti moja: uzito ukae juu ya katikati ya unyayo, tangu mwanzo hadi mwisho. Chuma kikisogea mbele ya hapo unaelekea vidoleni, kikirudi nyuma unaangukia visigino. Kwa hiyo mahali chuma kilipo ndipo panapoamua kiwiliwili kikaeje. Aliyewahi kubeba gunia la viazi mgongoni kutoka shambani Uporoto anajua kwamba huwezi kutembea nalo ukiwa wima kabisa. Lazima uiname kidogo. Ukikumbatia debe la maji kifuani, ukiinama tu linakuvuta chini.

Ndivyo ilivyo hapa. Chuma kikiwa mbele ya shingo, kiwiliwili hubaki wima, magoti huenda mbele zaidi, na kazi kubwa huangukia misuli ya mbele ya paja pamoja na mgongo wa juu, unaopigana usikunjwe. Chuma kikiwa nyuma, makalio hurudi nyuma, kiwiliwili huinama, na makalio na mgongo wa chini hubeba sehemu kubwa zaidi. Ndiyo maana skwati ya nyuma hukubali uzito mkubwa. Aliyezoea zote mbili kwa kawaida hupiga ya mbele kwa asilimia 80 hadi 85 hivi ya uzito wake wa nyuma. Ukipanda na kilo 100 mgongoni, tegemea kilo 80 au 85 mbele.

Mwaka 2009 Gullett na wenzake, watafiti wa Marekani, walichapisha vipimo vya watu 15 wenye uzoefu wa vyuma, kila mmoja akibeba asilimia 70 ya uwezo wake katika kila aina ya skwati. Misuli ya miguu ilifanya kazi karibu sawasawa katika zote mbili, ila skwati ya nyuma iligandamiza goti zaidi. Maana yake ni kwamba walipobeba mbele walibeba kilo chache na bado misuli ikapata kazi ileile. Kwa jimu yenye pleti chache, yaani vile visahani vizito vya kuvisha mwisho wa chuma, ambako watu wanasubiriana kwa pea moja ya kilo 20, hili si jambo dogo.

Jipime kabla ya kugusa chuma

Kinachowakwamisha wengi kwenye skwati ya mbele ni kifundo cha mguu, ingawa wao hudhani ni nguvu. Jipime hivi: vua viatu, piga goti moja ukitazama ukuta, mguu wa mbele ukae unyayo mzima chini, kidole gumba kikiwa sentimita 10 kutoka ukutani. Sasa peleka goti mbele mpaka liguse ukuta, kisigino kisinyanyuke hata kidogo. Likigusa, uko sawa. Lisipogusa, sogea hadi linapogusa, pima umbali, na ufanye zoezi hilohilo kila siku, mara 10 kila mguu. Usikurupuke kulazimisha, kifundo hufunguka taratibu.

Wakati kinafunguka, weka visigino juu ya ubao. Kipande cha mbao ya paini chenye unene wa sentimita 2, ambacho fundi yeyote Mafinga au Mbeya mjini anaweza kukukatia, kinatosha. Kiwe kipana kiasi cha kubeba visigino vyote viwili bila kucheza.

Viatu navyo vina neno. Raba za kukimbilia zenye soli nene ya sponji hazifai, kwa sababu kisigino kinazama upande mmoja uzito ukizidi. Ukiwa Mwanjelwa kwenye mitumba, chukua kiatu, bonyeza soli ya kisigino kwa kidole gumba kwa nguvu zote. Kikibonyea, rudisha. Unatafuta soli ngumu na bapa. Ukikosa, piga skwati pekupeku kwenye sakafu kavu, mradi uwe mwangalifu wakati wa kupandisha na kushusha pleti.

Mwisho, simama, nyoosha mikono mbele, kunja viwiko na uguse mabega kwa vidole huku ukipandisha viwiko hadi usawa wa mabega. Vikifika, mshiko wa kawaida utakuwezekana. Visipofika, kuna njia nyingine nitakazozieleza.

Chuma, pleti na stendi

Chuma cha kiwango cha Olimpiki cha wanaume kina kilo 20 na urefu wa mita 2.2, cha wanawake kina kilo 15. Lakini vyuma vingi vya mtaani vimetengenezwa na mafundi wa kuchomelea, na uzito wake haujulikani. Usikisie. Beba chuma na pleti hadi kwenye mizani ya muuza nafaka, pima kila kimoja, kisha andika kilo zake kwa rangi au chokaa. Pleti za zege zilizomiminwa kwenye makopo ndizo za kupimwa kwanza, maana makopo mawili ya ukubwa mmoja yanaweza kupishana, na upande mmoja ukizidi mgongo ndio unaolipa.

Chuma kikiwa kimeviringishiwa sponji katikati, ivue kabla ya skwati ya mbele. Sponji hufanya chuma kiwe kinene na kuteleza, na kwenye mabega unahitaji kikae mahali pamoja.

Kuhusu stendi: chuma kikae usawa wa kwapa au chini yake kidogo. Kikiwa juu sana utalazimika kusimama kwa vidole ili kukirudisha, na hapo ndipo watu huanguka, mwisho wa seti (marudio yanayopigwa mfululizo bila kupumzika), wakiwa wamechoka. Hakikisha pleti zina kizuizi pande zote mbili.

Kupasha mwili kwenye baridi yetu

Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10. Iringa na Njombe nako sweta halivuliwi mapema. Dakika tano za kuruka kamba zinazomtosha mtu wa Dar es Salaam hazikutoshi wewe saa 12 asubuhi. Tumia dakika 12 hadi 15: tembea haraka au ruka kamba mpaka upate jasho jembamba, kisha skwati 15 bila uzito mara mbili, kisha chuchumaa chini kabisa na ukae hapo sekunde 30, viwiko vikisukuma magoti nje. Vaa sweta na suruali ya mazoezi mpaka seti ya kwanza yenye uzito. Baada ya hapo piga chuma kitupu mara 8, nusu ya uzito wa siku hiyo mara 5, robo tatu mara 3, ndipo uanze kazi yenyewe.

Mwinuko huu una jambo lingine. Hewa ni nyepesi, na seti ndefu za skwati ya mbele zinakata pumzi kabla miguu haijachoka, kwa kuwa chuma kimeegemea kifua na kukufanya uvute hewa kwa shida. Mgeni kutoka pwani ataliona hilo zaidi. Piga marudio machache, matatu hadi sita, na upumzike dakika tatu kamili kati ya seti.

Skwati ya mbele, hatua kwa hatua

Anza na mahali chuma kinapokaa, kwa sababu hapa ndipo skwati nzima inapoamuliwa. Gusa mtulinga wako, ule mfupa unaotoka chini ya koo kwenda begani. Mbele ya bega kuna nyama ya mviringo. Nyoosha mikono mbele na uipandishe kidogo: kati ya nyama hiyo na koo pametokea kishimo. Chuma kinakaa humo, karibu kabisa na koo, kikiligusa kidogo. Wengi wanaogopa koo, wanakisogeza mbele kwenye nyama ya bega, na kikishuka nao kinawavuta kifudifudi. Ukihisi chuma kinakukaba kiasi cha kushindwa kupumua, pandisha kidevu kidogo na rudisha kichwa nyuma kidogo; usikisogeze chuma.

Sasa jaribio ambalo kila anayejifunza alifanye: weka chuma kitupu kwenye kishimo hicho, nyoosha mikono yote miwili mbele bila kukishika, na upige skwati tatu. Chuma kisipodondoka umeelewa. Mabega ndiyo yanayobeba, na mikono ni ya kukizuia kisibingirike tu. Mtu akishalielewa hili mwilini, maumivu ya vifundo vya mikono yanapungua kwa kiasi kikubwa.

Mishiko iko mitatu. Wa kwanza, ambao ndio bora, ni kupitisha vidole viwili au vitatu chini ya chuma, upana wa mabega au zaidi kidogo, viwiko vikielekea mbele na juu. Huhitaji kukikamata kwa ngumi. Wa pili ni kupishanisha mikono, kiganja cha kulia juu ya bega la kushoto na cha kushoto juu ya bega la kulia, viwiko juu. Unafaa kwa uzito mwepesi, ila chuma kinaweza kuinamia upande mmoja. Wa tatu ni wa mikanda: zungusha vipande viwili vya mkanda imara wa begi kwenye chuma, kila kimoja mbele ya bega lake, ushike mikanda hiyo badala ya chuma. Kwa mwenye vifundo vya mikono vigumu, tuseme fundi ujenzi au dereva wa bodaboda aliyeshika usukani siku nzima, huu wa tatu ndio ninaoupendekeza bila kusita.

Toa chuma kwenye stendi kwa kusimama chini yake na kukisukuma juu kwa miguu, rudi hatua mbili fupi, simama. Miguu upana wa mabega, vidole vielekee nje kidogo.

Vuta hewa ishuke tumboni, kaza tumbo pande zote, mbele, ubavuni na nyuma, kisha ishikilie hewa hiyo. Mwenye shinikizo la damu asibane pumzi hivi kabla ya kuzungumza na daktari wake, kwa sababu kubana pumzi chini ya uzito hupandisha presha.

Shuka katikati ya miguu yako, magoti yakifuata uelekeo wa vidole. Usiwaze kurudisha makalio nyuma. Waza kukaa wima. Magoti yatapita vidole vya miguu, na hilo si kosa kwa mwenye magoti mazima. Shuka mpaka mkunjo wa nyonga upite chini ya sehemu ya juu ya goti, ilimradi kisigino kiko chini na mgongo haujakunjika.

Wakati wa kupanda, agizo ni moja: viwiko juu. Viwiko vikishuka, mgongo wa juu unakunjika, chuma kinatiririka mbele, na seti imekwisha. Mwenzako asimame ubavuni kwako atazame viwiko peke yake, asikutazame miguu. Toa hewa ukishapita sehemu ngumu, kama nusu ya njia kwenda juu. Simama, vuta hewa upya, rudia.

Siku za kwanza utapata alama nyekundu juu ya mtulinga. Hiyo hupungua. Ganzi ya vidole haipaswi kuvumiliwa. Ukiipata, badili mahali pa chuma au mshiko siku hiyohiyo.

Skwati ya nyuma

Aliyefika hapa kwa njia ya skwati ya mbele ameshajua kupumua, kushuka na kukaza tumbo, kwa hiyo sehemu hii ni fupi.

Chuma kina makao mawili. Makao ya juu ni kwenye nyama iliyo chini ya shingo, kamwe si kwenye mfupa wa shingo unaochomoza. Makao ya chini ni sentimita chache chini ya hapo, juu ya mfupa wa nyuma wa bega. Ya juu huacha kiwiliwili kiwe wima zaidi; ya chini huinamisha zaidi, huruhusu kilo nyingi, na hudai mabega yanayofunguka. Anza na ya juu.

Shika chuma karibu na mabega kadiri unavyoweza bila maumivu, vuta mabega nyuma ili nyama ijikusanye na kuwa rafu ya chuma, kisha kivutie chuma chini mgongoni usiache nafasi. Toka kwenye stendi hatua mbili. Miguu iwe mipana kidogo kuliko kwenye ya mbele. Vuta hewa, kaza, kisha kunja nyonga na magoti kwa pamoja. Wakati wa kupanda, kifua na makalio viende juu kwa kasi moja. Makalio yakitangulia juu na kifua kikabaki chini, uzito wote umehamia kiunoni, na hilo ndilo kosa linalowaumiza watu kuliko mengine yote kwenye zoezi hili. Likitokea mara mbili katika seti moja, punguza kilo 10 na usibishane na chuma.

Chuma kikikushinda

Jifunze hili ukiwa na chuma chepesi, kabla ya kulihitaji.

Kwenye skwati ya mbele, ukikwama chini, shusha viwiko, achia vidole, sukuma chuma mbele na uruke nyuma kwa wakati mmoja. Chuma kinaangukia mbele yako, wewe uko salama. Sababu yangu kubwa ya kuitanguliza kwa anayejifunza peke yake ni hii. Hakikisha tu hakuna mtu wala benchi mbele. Pleti za zege zinaweza kupasuka zikidondoka, basi tandika chini matairi ya zamani au magunia ya mchanga.

Skwati ya nyuma haina mlango mwepesi hivyo. Ukiwa na stendi yenye vyuma vya kukinga, viweke chini kidogo ya mahali chuma kinapofika ukiwa chini kabisa, na ukikwama kaa tu chuma kipumzike juu yake. Ukiwa na wenzako, wawili wasimame kila mmoja mwisho wa chuma, wakiinua kwa pamoja kwa sauti moja ya kuhesabu. Mmoja akiwahi, chuma kinageuka na mgongo unajipinda. Ukiwa peke yako na stendi ya miguu miwili mitupu, usipige skwati ya nyuma nzito. Piga ya mbele siku hiyo. Sina ushauri wa kati hapa.

Nani apige ipi zaidi

Mchezaji wa mpira, mkimbiaji, au mtu mwenye kiuno kinacholalamika akiinama atanufaika zaidi na ya mbele kama zoezi kuu. Anayejifunza kunyanyua vyuma kwa mtindo wa Olimpiki hana hiari: chuma kinapopokelewa mabegani kabla ya kusukumwa juu ya kichwa, mkao wake ni skwati ya mbele. Anayelenga mashindano ya nguvu chini ya kanuni za IPF, shirikisho la kimataifa la powerlifting lililoanzishwa mwaka 1972, ahamie ya nyuma mapema, kwa kuwa ndiyo inayopimwa jukwaani. Mwenye mabega yaliyowahi kuteguka apige ya mbele kwa mikanda. Mwenye maumivu ya goti ya muda mrefu asichague kwa kusoma. Aonwe na mtaalamu wa viungo kwanza.

Wanaotaka makalio na mapaja kwa ujumla, wanawake kwa wanaume, wapige zote mbili. Ya nyuma itawapa kilo, ya mbele itawalinda wasiharibu umbo la zoezi kila kilo zinapoongezeka.

Wiki nane za kwanza

Wiki ya kwanza na ya pili, piga ya mbele tu, Jumatatu na Alhamisi, seti nne za marudio matano, ukianza na chuma kitupu. Wiki ya tatu na ya nne, Jumatatu ibaki hivyohivyo, Alhamisi iwe ya nyuma, seti tatu za marudio nane, chuma kitupu kwanza. Kuanzia wiki ya tano hadi ya nane, Jumatatu seti tano za marudio manne mbele, Alhamisi seti nne za marudio sita nyuma.

Ongeza kilo 2.5 kwa wiki. Pleti ndogo zisipopatikana, shona vifuko viwili vya mchanga vya kilo 1.25 kila kimoja, uvipime kwenye mizani ileile ya nafaka, na uvifunge mwisho wa chuma kwa mpira wa tairi la baiskeli. Ukishindwa hata hivyo, ongeza marudio badala ya kilo: toka matano nenda sita, kisha saba, ndipo uweke pleti ya kilo 5 na urudi kwenye matano. Seti ikiharibika umbo, wiki ijayo rudia uzito uleule.

Wiki ya tisa, jipime. Jumatatu tafuta uzito mkubwa zaidi unaoweza kupiga mara tano mbele kwa umbo safi. Alhamisi tafuta wa nyuma. Gawanya wa mbele kwa wa nyuma. Ukipata kati ya 0.8 na 0.85, endelea na mpango huohuo. Chini ya 0.75, tatizo liko kwenye mgongo wa juu au vifundo vya miguu: rudi kwenye zoezi la ukuta, na kwa wiki nne piga ya mbele ukisimama sekunde mbili chini kabisa kabla ya kupanda. Juu ya 0.9, makalio yako hayajafundishwa: fanya ya nyuma iwe zoezi la Jumatatu, ukiwa bado na nguvu mpya, na umwombe mwenzako akuangalie kutoka ubavuni kama kifua na makalio vinapanda pamoja.